KONA YA MWALIMU: Pampu Ikae kwenye Fremu

Mwezi huu baba mmoja wa mtaa wetu ameniomba niandike juu ya pampu ya baiskeli, ile ndefu inayopachikwa kwenye fremu. Mwanzo nilicheka, nikaona ni jambo dogo. Alipomaliza kunisimulia sikucheka tena.

Kabla sijafika huko, nieleze kwa nini naandika "pampu" na si "bomba". Huku kwetu pwani wengi tunasema bomba, na Kireno ni hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba kwa Kireno bomba ni pampu, na bomba hilo hilo ni bomu. Siku moja nilitoka nje ya darasa nikapaza sauti, "Leteni bomba!" Tairi langu lilikuwa limelala, basi. Mtoto mmoja wa darasa la nne, ambaye wazazi wake walikimbia naye kutoka Palma Machi 2021, alikwenda mbio akajificha nyuma ya mkorosho. Ilichukua muda kumtoa. Tangu siku hiyo nasema pampu, kama wanavyosema ndugu zetu ng'ambo ya Ruvuma.

Sasa habari ya yule baba. Jioni moja mtoto wake alishikwa na homa kali. Akampakia mama na mtoto kwenye keria, akaanza safari ya kituo cha afya. Nusu ya njia, jua linazama, tairi la nyuma likapata pancha. Mfukoni alikuwa na kiraka na solusheni, na kazi ya kuziba anaijua. Lakini pampu ilikuwa nyumbani nyuma ya mlango. Kwa nini nyumbani? Kwa sababu alinunua fupi. Kila akiipachika kwenye fremu ilidondoka kwenye mashimo, mwisho akachoka akaiacha. Basi mama akambeba mtoto mgongoni, baba akakokota baiskeli, wakafika usiku. Ninyi mnajua nasi tunajua, njia zetu hizi si za kutembea usiku. Mtoto alipona, alhamdulillahi, na sasa yuko darasani kwangu. Baba akaenda sokoni akanunua pampu ya pili, inang'aa kama kijiko kipya. Haikumaliza wiki tatu. Ndipo akaja kwangu: "Mwalimu, niandikie, nisije nikanunua mara ya tatu."

Mimi si fundi. Nikaenda kwa babu mmoja anayetengeneza baiskeli karibu na kisima. Yeye alikulia Tanzania, wazazi wake walipokimbilia huko wakati wa vita vya ukombozi (1964 hadi 1974), na ufundi aliupata huko.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umeleta baiskeli au maneno?"

"Maneno babu, ya pampu."

"Hayo ni mengi. Kaa."

Haya ndiyo aliyonifundisha, na mengine nimeyapiga hesabu mwenyewe.

Kwanza, urefu. Fremu nyingi za baiskeli zetu za chuma zina vishikio viwili vidogo vilivyochomelewa, chini ya chuma cha juu au kwenye chuma kinachoshika kiti. Pampu hukaa katikati yake. Ile nzuri ina springi ndani ya mpini: unaibana kidogo, unaipachika, springi inasukuma na pampu haichezi. Usikadirie kwa macho. Chukua uzi, pima kutoka kishikio hadi kishikio, funga fundo, nenda na uzi wako sokoni. Pampu ikiwa imelegea bila kubanwa iwe ndefu kidogo kuliko uzi, na ukiibana iingie. Ikiwa fupi itadondoka. Baiskeli ya kike ina nafasi ndogo, kwa hiyo pima kwenye chuma cha kiti. Kama fremu haina vishikio, tafuta vibano vya kufunga kwa skrubu, au kata mpira wa tyubu kuukuu ufunge mahali pawili. Mahali pamoja hapatoshi.

Pili, ijaribu kwa kidole gumba. Vuta mpini hadi mwisho, ziba tundu la mbele kwa kidole, kisha sukuma. Pampu nzima itakukatalia katikati, na ukiachia mpini utarudi wenyewe kama umesukuma mpira. Ukisukuma ukafika mwisho bila kazi, ujue upepo unatoroka. Sikiliza: ukisikia "sss" upande wa mpini, washa ya ndani haishiki. Muuzaji akikukataza kujaribu, mwachie pampu yake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tatu, unene wa silinda. Hapa wengi tunakosea, tunadhani nene ndiyo yenye nguvu. Tupige hesabu kama darasani. Tuseme tairi linataka shinikizo la kilo 3 kwa kila sentimita moja ya mraba. Silinda yenye upana wa ndani wa sentimita 2 ina eneo la sentimita za mraba 3.14. Zidisha kwa 3, unapata kama kilo 9 na nusu za kusukuma. Silinda ya sentimita 3 ina eneo la 7.07, na hapo utasukuma kilo 21, yaani karibu sawa na uzito wa dumu la lita 20 lililojaa maji. Baba mwenye kifua ataweza. Mama aliyechoka au mtoto wa miaka 12 atafika tairi likiwa nusu, basi, amekwama. Ile nyembamba, zikiwa na urefu mmoja, utaipiga zaidi ya mara mbili, lakini tairi litakaza. Kwa hiyo uliza nani nyumbani kwako anaendesha, ndipo uchague. Pampu ndefu na nyembamba inawafaa wengi.

Nne, mdomo wake na valvu yako. Baiskeli zetu nyingi za chuma zina valvu ya zamani yenye kampira chembamba ndani. Hiyo hujazwa kwa kipira cha pampu kinachofungwa kwa kuzungusha. Baiskeli nyingine, hasa za matairi manene, zina valvu kama ya gari, nayo inataka mdomo wenye pini katikati. Nenda sokoni na baiskeli yenyewe, ufunge, ujaze, uone. Kagua kipira hicho: kikunje, kama kina nyufa karibu na vyuma vya mwisho, kitakatika mapema. Kipira kinachoingia na kukaa ndani ya mpini hakipotei na hakiungui jua.

Tano, inafunguka? Babu alikaza sana hapa. Pampu nzuri unazungusha kifuniko kwa mkono, unatoa fimbo yote, unaiona washa. Ikiwa ya ngozi, ni bora zaidi kwetu, kwa sababu ngozi hata sisi tunaweza kuikata kutoka kiatu kibovu. Ile pampu inayong'aa ya yule baba ilikuwa imebanwa kiwandani. Washa ilipochoka hakukuwa na pa kuingilia, ikawa fimbo ya kufukuzia mbuzi. Tazama pia meno ya kifuniko: yakiwa ya plastiki laini yataisha haraka.

Sita, bahari. Sisi tunaishi na chumvi. Silinda ya chuma chembamba iliyopakwa rangi ya kung'aa hushika kutu, hasa kwa wanaobeba samaki kutoka ufukweni. Alumini huvumilia zaidi. Lakini iwe ya aina gani, iviringishe juu ya meza. Ikiruka-ruka imepinda au imebonyea, na fimbo itakwama.

Umeshanunua? Itunze. Washa ya ngozi ikikauka husinyaa, upepo unapita pembeni. Itoe, ipake mafuta, hata ya nazi yanafaa, itanue kingo zake kwa kidole kama unavyofungua ua, rudisha. Mchanga usiingie ndani, maana unakwangua silinda. Ukifika sokoni ichomoe uingie nayo, wala usiiache kwenye fremu ukamlaumu shetani. Andika jina kwa rangi.

Jambo jingine: usiisingizie pampu kosa la valvu. Umejaza, asubuhi tairi limelala, na ulishaziba pancha zote. Weka mate kwenye tundu la valvu. Yakitoa povu, kampira ka ndani kamekwisha. Badilisha hako tu, ni kitu kidogo sana. Wapo waliotupa pampu nzima kwa ajili ya kampira.

Na usiendeshe tairi likiwa limelegea ukisema utajaza ukifika. Mzigo ukiwa mzito na tairi laini, jiwe linabana tyubu kwenye ringi na kuitoboa mahali pawili kwa mara moja. Shinikizo linalotakiwa limeandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi la nyuma, linalobeba keria, lijazwe zaidi ya la mbele.

Najua mtaniambia, mwalimu, hela iko wapi? Kweli. Wengi tulitoka na nguo tulizovaa, sisi wa Palma 2021 na wenzetu wa Mocímboa da Praia waliotutangulia 2020. Mtaani kwetu nimehesabu baiskeli 14 na pampu zinazofanya kazi 3. Kila siku kuazimana, na kuazimana kumeanza kuleta maneno kati ya majirani. Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wazee. Basi mimi napendekeza nyumba tano zichange, zinunue moja iliyo nzuri badala ya kila mtu kununua mbovu. Sharti liwe moja: baiskeli inayokwenda mbali ndiyo inayobeba pampu siku hiyo. Anayekwenda kisimani atajazia kwa fundi. Na usiku ikiwa kuna mgonjwa mtaani, pampu ilale kwenye fremu ya baiskeli itakayombeba, isilale nyuma ya mlango wa mtu.

Yule baba amekwisha pima kwa uzi. Fundo lake ananionyesha kila tukikutana. Nyumba nne zimekubali kuchanga naye, na babu ameahidi kwenda nao sokoni kuweka kidole gumba.

Jumamosi ya pili ya mwezi, baada ya adhuhuri, tutakaa chini ya mkorosho wa shule kufundishana kubadilisha washa. Kina mama na wasichana karibuni sana, maana mnaendesha na ninyi. Mwenye pampu iliyokufa aje nayo, tuifungue tujifunze.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea.