Mgeni Anautembeza Mji, Wenyeji Tuko Wapi?



Siku hizi si ajabu kupita Hurumzi au Kiponda ukamkuta mama wa Kizungu, mwandishi wa habari za safari aliyehamia hapa kwetu, na kundi la wageni nyuma yake. Anawaonesha milango. Anawaambia Mji Mkongwe uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Anawapeleka Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa hadi 1873. Wengi wetu tukimuona tunanuna: "Huyu anakula kwa mji wetu!"

Sisi hatumlaumu. Kasoma, kajifunza Kiswahili, kaupenda mji mpaka kahamia. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Tatizo letu si yeye kusema, ni sisi kunyamaza.

Mji huu una nje na ndani. Ya nje mgeni anaweza kuyasoma kitabuni. Ya ndani yako kwetu wanawake. Yeye ataonesha wikio, kile chumba kinachopita juu ya uchochoro kuunganisha nyumba mbili, atausifu ufundi wa mafundi. Mwenyeji ataongeza kuwa mabibi zetu walipita humo kwenda kwa jirani bila ya kushuka njiani. Yeye atasema asumini inanukia. Mwenyeji atakueleza kikuba, singo, udi, na kazi ya somo kwa bi harusi.

Tena mwenyeji anajua lipi lisemwe na lipi lisitiriwe. Ya chumbani kwa bi harusi si ya kutembezewa watu. Anajua pia kumwambia mgeni ajifunike mabega, na aombe ruhusa kabla ya kumpiga picha bibi aliyekaa barazani.

Tuna mfano mkubwa. Sayyida Salme, binti wa Sultan Said, alizaliwa kasri la Mtoni mwaka 1844, akaishia Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Mambo ya dini yake tunamwachia Mola wake. Lakini alipotoa kitabu chake mwaka 1886, alieleza maisha ya wanawake ndani ya kasri kama ambavyo hakuna msafiri aliyeweza. Kwa nini? Kwa sababu ndimo alimolelewa.

Dukani tunakoshona nguo za maharusi, wageni wa kike huingia wakauliza maswali hata cherehani tukaisimamisha. Mbona hina mpaka miguuni? Kanga imeandikwa nini? Maswali hayo wanaona haya kumuuliza kijana wa kiume. Wanamtaka mwanamke mwenzao. Hiyo ni riziki imelala mlangoni.

Wazazi watasema, "Mtoto wa kike kutembea na watu asiowajua?" Hofu hiyo tunaielewa, na sisi tuna mabinti. Lakini kazi ina njia zake. Anaweza kuchukua wanawake tu, mchana, kwa hijabu yake, wawili wawili, na kibali cha Kamisheni ya Utalii mkononi. Bi Khadija, Mungu amuwie radhi, alikuwa mfanyabiashara, na heshima yake haikupungua. Heshima ya binti iko katika mwenendo wake, popote alipo.

Kwa hivyo dada, kama una binti aliyemaliza skuli na anakijua Kiingereza, usimwache akae ndani akisubiri posa tu. Mpeleke akasomee utalii, SUZA masomo hayo yapo. Kabla ya hapo mkalishe kwa bibi yake amsimulie nyumba ilijengwaje, nani alikaa humo, harusi zilikuwaje. Bibi akiondoka, hayo hayapatikani tena kwa mwandishi yeyote.

Nawe bi harusi mtarajiwa, lizungumze hili na mchumba wako mapema, kabla ya nikaha, ili kazi yako isije ikawa ugomvi baadaye.

Mola atufungulie milango ya kheri. Amin.