Mkono Unaosindikiza

Na Salma Hemedi

Zakir Hussain alifariki San Francisco tarehe 15 Desemba 2024, akiwa na miaka 73, na rambirambi nyingi zilimsifu kwa uthubutu: mpiga tabla wa Mumbai aliyekaa jukwaa moja na magitaa ya jazi, banjo la Marekani na ngoma za Nigeria. Uthubutu alikuwa nao. Lakini naamini kilichomfikisha kote huko ni kazi ambayo wengi wetu tunaidharau katika muziki, yaani kusindikiza.

Katika muziki wa jadi wa kaskazini mwa India, mpiga tabla huketi pembeni ya mwimbaji au mpiga sitar. Mzunguko wa mapigo, mara nyingi 16, umo mikononi mwake. Mwenzake anapouacha mdundo na kwenda zake, yeye ndiye anayelinda hesabu mpaka wakutane tena kwenye pigo la kwanza. Baba yake Zakir, Ustad Alla Rakha, alimsindikiza mpiga sitar Ravi Shankar miaka mingi, hadi kwenye matamasha ya Monterey mwaka 1967 na Woodstock mwaka 1969, na hapo hadhira za Magharibi zikaanza kumtazama usoni mtu wa tabla.

Zakir alipenda kusimulia kwamba alipoletwa nyumbani akiwa kichanga, baba yake alitakiwa kumsomea dua sikioni, naye akamsomea midundo ya tabla. Mama akakasirika. Baba akajibu kwamba hizo ndizo dua zake. Baadaye mtoto akawa anaamshwa saa tisa usiku kufundishwa hadi alfajiri, kisha madrasa, kisha shule ya kanisa. Kabla ya adhana ya adhuhuri, masikio yake yalikuwa yameshapita kwenye tabla, Kurani na nyimbo za Wakristo. Sioni ajabu kwamba mtu huyo hakuogopa muziki wa wengine.

Chombo chenyewe kinadai usikivu. Ngoma ya kulia ni ya mbao, ya kushoto kwa kawaida ni ya madini. Kwenye ngozi kuna duara jeusi, mchanganyiko wa unga na vumbi la chuma uliopakwa na kusuguliwa tabaka juu ya tabaka. Ndilo linaloipa ngozi noti safi, jambo ambalo mwanafizikia C. V. Raman alilichunguza mapema karne ya 20. Kwenye ngoma ya kushoto, kiganja husukumwa juu ya ngozi wakati vidole vinapiga, na besi ikapanda na kushuka kama sauti ya mtu anayezungumza.

Alikuwa kijana wa miaka ya ishirini na kitu alipounda kundi la Shakti pamoja na mpiga gitaa Mwingereza John McLaughlin, L. Shankar wa fidla, na Vikku Vinayakram, anayepiga ghatam, chungu cha udongo. Watu huzungumzia Mashariki kukutana na Magharibi. Mimi hunivutia zaidi Zakir na Vikku, kaskazini na kusini mwa nchi moja, wenye mifumo tofauti ya kuhesabu mapigo, wakijifunza kupeana nafasi. Akafuata mpiga ngoma Mmarekani Mickey Hart na Planet Drum, pamoja na Babatunde Olatunji wa Nigeria, albamu iliyopata Grammy. Februari 2024 alipata tatu usiku mmoja.

Kufundisha hakukuwa kazi yake ya pembeni. Alifundisha Seattle akiwa kijana, California katika chuo cha Ali Akbar Khan, baadaye Princeton. Katika jadi yake mdomo hutangulia mkono: mwanafunzi hutamka dha, dhin, na, tirakita, huku akihesabu kwa makofi, na pigo lisilotamkika sawasawa halipigiki sawasawa. Alirudia mara nyingi wasia wa baba yake: usitafute kuwa bingwa, kuwa mwanafunzi mwema.

Hapa pwani tabla si ngeni. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, aliimba mashairi ya Kiswahili kwa tuni za filamu za Kihindi, na tabla ilikuwamo. Tunamkumbuka mwimbaji, na mtunzi pia. Nani anaweza kutaja wapiga tabla na dumbaki wa taarab anayoipenda? Mkono uliomsubiri mwimbaji avute pumzi, ukapunguza pigo ili neno la shairi lisikike, haukuandikwa popote. Inaniuma, kwa sababu ujuzi huo ukienda na mwenyewe kaburini hakuna rekodi itakayomfundisha kijana namna ulivyofanyika.

Kwa hiyo nawaomba waandaaji wa maonyesho: chapeni majina ya wapigaji wote kwenye tangazo, na malipo yao yajulikane kabla ya usiku wa onyesho. Vyuo vya muziki navyo viwaite wazee wa ngoma walio hai, viwalipe kama walimu, na mwanafunzi wa midundo apangiwe saa za kukaa na mwimbaji tangu muhula wa kwanza.