Debe tupu huvuma, pipa tupu hulipuka

Wiki hii tuyaweke kando mambo ya mapenzi, tuongee dili. Kama mtaani kwenu yupo mama ntilie anayelizwa na moshi wa mafiga, wewe mwenye mikono miwili una kazi: mtengenezee jiko la kuni la pipa la chuma, lile la lita 200.

Lakini ngoja, usikimbilie grenda. Uliza kwanza pipa lilibeba nini. La petroli au thina achana nalo, hata muuzaji akikuapia kwamba ni tupu. Mafuta yameisha, mvuke umebaki, na cheche moja tu inatosha kulilipua. Hiyo noma! Chukua lililobeba mafuta ya kula. Fungua vizibo, lioshe kwa sabuni na maji moto, kisha lijaze maji na ulitoboe kwa tindo na nyundo.

Haya, lilaze, lichomelee miguu ya nondo. Mbele weka mlango wa kuni, na chini yake tundu la hewa. Juu kata nafasi ya sufuria, nyuma simamisha bomba la moshi. Ndani tandaza mchanga, la sivyo chuma kitaliwa na moto mapema.

Moto wa kwanza washa uwanjani, bila chakula, rangi yote iungue. Na jiko lisiingie chumbani. Kuni hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka.

Mama ntilie akilalamika umechelewa, mwambie ulikuwa unaliogesha pipa. Mteja atasubiri, bwana. Macho ya akiba hayauzwi.