Mama wa Mahamri na Milioni Moja: Hesabu ya Ushuru Kutoka Endebess

Hivi karibuni nilikuwa Endebess, chini ya Mlima Elgon, katika barabara itokayo Kitale kwenda mpakani Suam. Nilikwenda kumtazama dada yangu aliyeolewa huko. Asubuhi huuza chai na mahamri, na jirani zake ni fundi cherehani na kijana anayenunua mahindi kwa wakulima na kuyapeleka Kitale. Jioni mazungumzo yalikuwa ni KRA tu. Mmoja akasema serikali imewasamehe wanyonge. Mwingine akasema hata muuza ndizi anadaiwa. Kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli katika mambo ya ushuru humgharimu mtu pesa.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Fedha ya 2023 inasema kuwa biashara yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 kwa mwaka, lakini yasiyopita milioni 25, hulipa ushuru wa mauzo ghafi, maarufu kama TOT, wa asilimia 3. Hulipwa kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mauzo yakifika milioni 5 kwa mwaka na bidhaa zako ni za kutozwa VAT, huna budi kujisajili kwa VAT ya asilimia 16 pia. Mahindi na maharagwe ambayo hayajasindikwa hayamo katika VAT.

Milioni moja yasikika kama pesa ya matajiri. Hebu igawe kwa siku 365: ni kama shilingi 2,740 kwa siku. Kwa mahamri ya shilingi kumi kumi, ni mahamri 274, kabla hujahesabu kikombe cha chai. Kibanda chenye wateja wa kutosha kinafika hapo, na mwenyewe huku bado anakopa unga dukani.

Je, aliye chini ya milioni moja amesamehewa? Amesamehewa TOT, lakini hajatoka katika sheria. Yeye huhesabiwa ushuru wa mapato wa kawaida, unaotozwa kwenye faida. Shilingi 288,000 za kwanza za faida kwa mwaka hutozwa asilimia 10, yaani 28,800, na nafuu anayopewa kila mlipa ushuru ni hizo hizo 28,800. Kwa hivyo mwenye faida isiyozidi 24,000 kwa mwezi, na asiye na pato jingine, hadaiwi hata senti. Ila mwenye PIN lazima ajaze ritani kabla ya tarehe 30 Juni kila mwaka, hata kama ni ya sufuri. Akichelewa, faini ni shilingi 2,000 kwenda juu. Vijana wengi walichukua PIN kwa ajili ya kuomba kazi au mkopo wa masomo, wakaisahau. Faini haikuwasahau.

Sasa tufike kwenye jambo linaloniuma. TOT hutozwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Chukua mfano wa kijana wa mahindi. Tuseme amenunua gunia kwa 3,500 na kuliuza kwa 3,700. Kwa mwaka ameuza magunia 300. Mauzo yake ni 1,110,000, na TOT yake ni 33,300. Lakini tofauti aliyopata ni shilingi 60,000 tu, kabla ya gari, wapakiaji na ushuru wa kaunti. Zaidi ya nusu imekwenda. Fundi cherehani mwenye mauzo kama hayo, aliyetumia laki tano kwa vitambaa na uzi, amebakiwa na 610,000, naye hulipa 33,300 zile zile. Sheria moja, mizani mbili.

Sisi Waislamu tuna kipimo tunachokijua. Silinganishi hukumu ya Mola na sheria ya Bunge, lakini zakat ya biashara hutazama kilichoko mkononi mwaka ukitimia, kikifika nisabu, na hutolewa asilimia 2.5. Haihesabu kila shilingi iliyopita mkononi ikielekea kwa mtu mwingine.

Kuna mlango ambao wengi hawaujui. Mtu wa TOT anaweza kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba hataki utaratibu huo, akatozwa kwa faida yake kama wengine. Kijana wetu, kwa faida ya 60,000, hangelipa kitu. Lakini lazima athibitishe gharama, na tangu Januari 2024 gharama isiyo na risiti ya eTIMS haikubaliwi. Mkulima wa Endebess atatoa wapi risiti hiyo? Mabadiliko ya sheria ya Desemba 2024 yalilegeza kidogo: mkulima au mfanyabiashara ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 anaweza kuandikiwa risiti na mnunuzi wake. Ni nafuu ya kweli, ila inataka simu, PIN na subira.

Wasomaji wa pwani msidhani haya ni ya bara. Mahindi ya Trans Nzoia ndiyo sima yetu. Na dada zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wanaouza achari, mabuyu na biriani za oda kupitia WhatsApp wamo katika hesabu hii hii. Eti ni kazi ya kujipitishia wakati? Sheria huangalia mauzo, haiulizi kama ulianza kwa mapenzi ya kupika.

Kiwango hiki kilikuwa asilimia 3 mwanzoni mwa 2020, kikashushwa hadi 1 mwezi Aprili wakati wa korona, kisha kikarudishwa 3 Julai 2023. Unga, mafuta na nauli vimepanda, lakini mpaka wa chini ulibaki milioni moja. Wabunge wetu waupandishe mpaka huo, au waweke kiwango kidogo zaidi kwa wanaouza bidhaa zenye faida finyu kama nafaka.

Mpaka hapo, nilimwambia dada mambo mawili. Pesa za biashara zipitie tili yake, asizichanganye na za chama wala za kaka aliyetuma za matibabu ya mama, maana akiulizwa atashindwa kuzitenganisha. Na anunue daftari, aandike kila jioni alichouza na alichonunua. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi, bila daftari unaweza hata kulipia mali ambayo hukuipata.