Akiba Inayooza Kimya



Wazee walisema akiba haiozi. Twaliheshimu neno lao, lakini siku hizi iko akiba moja ambayo huoza, tena huoza bila harufu. Akiba hiyo ni nakala ya hesabu zetu iliyowekwa ndani ya kompyuta, ikakaa miaka bila mtu kuifungua.

Habari hii si ya makarani peke yao. Mambo yaliyokuwa yakiandikwa katika madaftari makubwa sasa yamo ndani ya kompyuta: siku mfanya kazi alipoajiriwa, mshahara wake, likizo yake, saa za ziada, ada ya chama inayokatwa kila mwezi, na fedha ya uzeeni. Mtu aliyefanya kazi miaka 28 akienda kudai haki yake, karani hafungui daftari, hutazama kioo cha kompyuta. Kama miaka 9 haionekani pale, mzee yule ataambiwa alete ushahidi. Ataupata wapi, na karatasi zake za mshahara zilikwisha liwa na mchwa?

Ukiuliza, "Je, hesabu hizi zikipotea itakuwaje?" utajibiwa, "Usihofu, nakala zipo." Jibu hilo halitutoshi. Sisi twauliza: ni nani aliyepata kuirudisha nakala hiyo, siku gani, na alikuta nini ndani yake?

Sisi wa reli twajua maana ya swali hilo. Gari la moshi haliondoki stesheni kwa sababu mtu amesema breki zipo. Dereva hukaza breki, na mwenzake hutazama kwenye behewa la mwisho kama zimeshika kweli huko nyuma. Mshale wa geji katika injini waweza kuonyesha vema, kumbe bomba limefungwa katikati ya mabehewa. Ndiyo maana breki hujaribiwa mpaka mwisho wa gari. Wala hakuna dereva anayeona kwamba ametukanwa kwa jaribio hilo.

Mtu asidhani kwamba maafa haya huwapata wajinga tu. Iko kampuni iitwayo GitLab, ambayo kazi yake ni kutunza programu za watu wa dunia nzima. Usiku wa 31 Januari 2017 mhandisi wao alikuwa akitengeneza hitilafu. Alitaka kufuta faili katika kompyuta ya pili, ile ya kufuata, naye akazifuta katika kompyuta kubwa yenyewe. Alipotambua, sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kwenda. Basi wakakimbilia akiba zao. Walikuwa na njia tano za kuweka nakala, na hakuna hata moja iliyokuwa tayari kuwasaidia kama walivyotumaini.

Sababu yake ni ndogo, nayo yafaa tuijue. Programu iliyotumika kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2, na hesabu zenyewe zilikuwa katika toleo la 9.6. Kwa hiyo programu ile ilikataa kazi, na ghala la nakala likabaki tupu. Kompyuta ilituma barua kuarifu kosa hilo, lakini barua zile zilikataliwa njiani, hazikumfikia mtu. Kila mmoja aliona kimya akadhani ni salama. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi mmoja aliipiga kwa mkono saa 6 hivi kabla ya ajali, kwa ajili ya kazi nyingine ya majaribio. Hata hivyo kazi ya watu ya saa zile ilipotea, na kampuni ilikadiria kwamba miradi kama 5,000 iliguswa, pamoja na majina mapya 700 ya wenye kujiandikisha.

Mfano wa pili ni wa meli. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha kompyuta kiliingia katika kampuni ya Maersk, mojawapo ya kampuni kubwa za makontena duniani. Hesabu nyingi zilikuwa na nakala. Lakini zile mashine zinazotunza orodha ya nani anaruhusiwa kuingia katika mtambo, ambazo zilikuwa kama 150, zilitegemeana: kila moja ilihesabiwa kuwa akiba ya mwenzake. Kwa kuwa zote zilikuwa zimeunganishwa, zilikufa pamoja. Ilisalia moja tu, katika ofisi yao ya Ghana, kwa sababu saa ile umeme ulikuwa umekatika na mashine hiyo haikuwa katika waya. Diski yake ikachukuliwa kwa ndege mpaka Uingereza. Baadaye mwenyekiti wa kampuni alisema kwamba walilazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku 10. Kampuni yenye mali kiasi hicho iliokolewa na umeme kukatika! Je, tawi letu litategemea bahati gani?

Wanachama, sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ya Kenya, katika kifungu cha 41, yamtaka anayetunza habari za watu afikirie uwezo wa kuzirudisha kwa wakati baada ya ajali, na tena ahakikishe kwamba kinga alizoweka zafanya kazi kweli. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, yasema kwamba mwajiri akishindwa kuleta maandishi ya masharti ya kazi mbele ya korti, mzigo wa kuthibitisha utakuwa juu yake. Hiyo ni haki njema. Lakini kushinda kesi baada ya miaka si sawa na kulipwa siku unapostaafu, na njaa haingoji hukumu.

Basi twataka wajumbe wetu walete jambo hili mezani wanapokutana na waajiri. Wasiombe kuonyeshwa nakala, maana kuonyeshwa sanduku si kuonyeshwa kilichomo. Waombe karatasi ya jaribio: tarehe, majina ya waliojaribu, na matokeo.

Nasi tusimnyoshee mwajiri kidole huku nyumba yetu ni chafu. Kwa Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, mwajiri hulazimika kukitambua chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanya kazi wanaostahili kuwa wanachama. Orodha yetu ikipotea, nusu hiyo tutaihesabu kwa vidole? Kwa hiyo twashauri kila tawi lifanye hivi kila miezi mitatu:

Kwanza, nakala irudishwe katika kompyuta nyingine, wala si ile ya kazi, ili jaribio lisije likaharibu hesabu zilizo hai.

Pili, majina yahesabiwe. Kama kitabu chasema 412, kompyuta nayo iseme 412. Jumla ya ada ilinganishwe na karatasi ya benki.

Tatu, yafunguliwe majina matatu: mwanachama wa zamani kuliko wote, mpya kuliko wote, na mmoja ambaye habari zake zilibadilika mwezi uliopita.

Nne, wajaribu watu wawili, na mmoja wao asiwe karani aliyepiga nakala. Waandike saa walizotumia, kisha watie sahihi. Halafu kompyuta ile ifutwe, maana siri za wanachama si za kuachwa mezani.

Tano, nakala moja ichomolewe kabisa katika waya na iwekwe katika jengo jingine. Neno la siri la kuifungulia liwe katika bahasha iliyofungwa, kwa wadhamini. Karani akiugua, chama kisiugue naye.

Kazi hii yaweza kula asubuhi nzima. Twajua makarani wetu wana kazi nyingi, na wengine hufanya kwa kujitolea, kwa hiyo tawi liwape nafasi na msaidizi, wala jaribio likishindwa wasitukanwe. Jaribio lililoshindwa siku ya amani ni faida, maana bado kuna wakati wa kutengeneza.

Ndugu, katika mkutano ujao wa tawi, simama uulize: nakala yetu ilirudishwa lini? Ukipewa tarehe na sahihi mbili, kaa chini kwa furaha. Ukiambiwa tu kwamba nakala ipo, usikae.