Kifua Kikuu: Kengele Ikilia, Mtu Aitike

Kifua kikuu kina dawa, na mgonjwa atimizaye matibabu yake aghalabu hupona. Hilo halibishaniwi tena. Linalotushinda ni muda. Mgonjwa wa kawaida hutumia dawa za aina 4 kwa miezi 2, kisha aina 2 kwa miezi 4. Baada ya majuma machache kikohozi hupungua, nguvu hurejea, naye hujiona mzima. Ndipo anapoacha vidonge. Vijidudu vilivyosalia hupata nafasi ya kuinuka upya, pengine vikiwa vimejenga usugu dhidi ya dawa.

Kwa miaka mingi kinga ya hatari hiyo imekuwa kumtaka mgonjwa ameze dawa mbele ya msimamizi. Utaratibu huo wamfaa aishiye karibu na kituo cha afya. Lakini mkulima aliye mbali, au mchuuzi anayetegemea pato la kutwa, hawezi kupoteza siku nzima kwa ajili ya vidonge vichache.

Hapa Uganda njia nyingine ilijaribiwa katika vituo vya afya 18, kati ya mwaka 2018 na 2020. Njia hiyo, iitwayo 99DOTS, ilibuniwa India. Vidonge hufungwa katika bahasha maalumu. Mgonjwa akitoa dozi ya siku, namba ya simu iliyofichwa hujitokeza. Huipigia bila malipo, na kompyuta huweka kumbukumbu. Asipopiga, mhudumu huliona pengo.

Matokeo yake yatufunze. Karibu nusu tu ya wagonjwa ndio walioandikishwa katika njia hiyo. Hao walitimiza matibabu kwa wingi zaidi, lakini wagonjwa wote walipohesabiwa pamoja, tofauti ya maana haikuonekana. Simu haiwezi kumsaidia asiyefikiwa nayo.

Isitoshe, simu iliyopigwa huonyesha kwamba bahasha imefunguliwa, si kwamba kidonge kimemezwa. Na simu isiyopigwa ni kengele tu. Mlinzi aliye lindoni akipiga kengele, na kikosi kikaendelea kulala, adui atapita. Kosa hapo si la kengele.

Kwa hiyo hatuna budi kudai mambo matatu. Kwanza, kila pengo liwe na mwenye dhamana anayejulikana kwa jina, atakayeulizwa kesho yake amefanya nini. Pili, wahudumu wa afya wa vijijini wapewe baiskeli au nauli ya kumfuata mgonjwa aliyenyamaza. Tatu, asiye na simu atembelewe kama zamani, na siri ya kila mgonjwa ilindwe.

Kununua mitambo bila kuyatimiza hayo ni kujidanganya. Wahenga walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Basi aliyenyamaza asingojwe aombe msaada. Afuatwe nyumbani kwake.