Mtoto wa Kiritiri Hajui Kusoma: Tumshtaki Nani?

Mwaka 2021 shirika la Usawa Agenda liliwapima watoto wa gredi ya nne nchini kwa hadithi fupi ya Kiingereza ya kiwango cha gredi ya tatu. Wawili tu kati ya kila watano waliisoma ipasavyo. Watatu waliobaki walikuwa wameandikishwa shuleni, wameitwa majina asubuhi, na serikali imewahesabu miongoni mwa wale inaojivunia kuwasomesha. Anayedhani kwamba hayo ni mambo ya mbali, na atoke kanisani Jumapili hapa Kiritiri, amwite mtoto wa gredi hiyo mbele ya ubao wa matangazo, amwombe asome.

Majibu ya wakubwa tumeyasikia. Wasema Mbeere ni nchi kame na watoto wana njaa. Wasema wazazi huwatoa shuleni wakachume muguka. Wasema madarasa yamefurika tangu elimu ya bure ilipoanza Januari 2003. Hatukatai hata moja. Lakini njaa na muguka haviwezi kueleza habari ya mtoto aliyehudhuria miaka yote bila kukosa, na bado akikutana na neno geni huitazama picha iliyo kando yake na kubahatisha. Huyo hakunyimwa darasa. Alinyimwa mtu anayejua jinsi kusoma kunavyofundishwa.

Sasa twauliza swali la kisheria, maana sheria ndiyo kazi yetu: ni nani aliyethibitisha kwamba mtu huyo anajua?

Ibara ya 237 ya Katiba ya 2010 yaiagiza Tume ya Kuwaajiri Walimu, yaani TSC, isajili walimu waliofunzwa na tena ichunguze viwango vya elimu na mafunzo ya wanaoingia katika kazi hiyo. Sheria ya TSC ya mwaka 2012 yamkataza mtu asiyesajiliwa kufundisha. Basi lango lipo, na bawabu yupo, na mshahara analipwa. Taabu ni kile anachokiuliza. Ataka cheti cha chuo, ataka alama za sekondari, ataka cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Hakuna mtihani wa pekee wa kuonyesha kwamba mwombaji aweza kumfundisha mtoto wa miaka sita kuunganisha herufi na sauti, sauti na silabi, silabi na neno, au kwamba aweza kumtambua mapema yule anayeanza kuachwa nyuma.

Kwa miaka mingi cheti cha P1, kilichopatikana kwa miaka miwili, kilimruhusu mwenye nacho kufundisha kuanzia darasa la kwanza hadi la nane. Mafunzo ya kusoma kwa mwanzo yalifichwa ndani ya masomo ya Kiingereza na Kiswahili, nayo yalikuwa mawili tu katika msururu wa masomo. Walimu wengi walio madarasani leo, Embu na Meru, waliingia kwa mlango huo. Tangu 2021 vyuo vilianza kutoa stashahada ya miaka mitatu, na ubishi uliotawala magazetini ukawa juu ya alama za kujiunga: C ya KCSE au chini yake, na katika masomo gani. Watu waligombana juu ya nani aingie chuoni. Wachache waliuliza atoke akijua nini.

Serikali hii hii haimruhusu mwenye leseni ya gari dogo kuendesha basi la abiria. Wakili hasimami mahakamani kabla ya kufanya mitihani ya kazi yenyewe na kukaa chini ya wakili mzoefu. Lakini darasa la kwanza, ambako kosa humfuata mtu maisha yake yote, cheti kimoja cha jumla chatosha!

Tena kuna lugha. Tangu ripoti ya Gachathi ya 1976 sera yetu yasema mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake katika miaka mitatu ya mwanzo. Hapa ni Kimbeere, chenye irabu saba. Kiswahili kina tano. Kiingereza ndicho kabisa, herufi moja hugeuza sauti kama kinyonga rangi. Mtoto mmoja anatwikwa tahajia tatu, na mwalimu wake, hata akiwa mzaliwa wa Siakago, anaweza kusajiliwa bila kupimwa kama ajua kuandika sentensi moja ya Kimbeere ubaoni.

Kwamba hali yaweza kubadilika, tumeona. Mpango wa Tusome, ulioenea nchini kuanzia 2015, ulimpa kila mtoto kitabu chake, ukampa mwalimu mwongozo wa kila kipindi na afisa wa kumtembelea darasani. Usomaji ukaimarika. Fedha, hata hivyo, zilikuwa za Wamarekani kupitia USAID, shirika ambalo serikali yao ililifunga mwaka 2025. Wamarekani hao hao wana jimbo maskini, Mississippi, lililopitisha sheria ya kusoma mwaka 2013 na baadaye kumtaka kila mwalimu mpya wa shule ya msingi afaulu mtihani wa kufundisha kusoma kabla ya kupewa leseni. Mwaka 2013 jimbo hilo lilikuwa la 49 kitaifa katika usomaji wa darasa la nne. Mwaka 2019 lilikuwa la 29. Mtihani peke yake haukufanya hayo, kwani walimu waliokuwa kazini walifunzwa upya pia.

Hapo ndipo tunaposimama na walimu wetu. TSC ilipotangaza mwaka 2021 mafunzo ya lazima kwa shilingi 6,000 kila mwaka kutoka mfukoni mwa mwalimu, walimu walipiga kelele, na haki ilikuwa yao. Aliyetoa cheti pungufu ndiye alipe gharama ya kukijaza.

Wenzetu wa harakati watauliza haya yawahusu nini. Mwaka 1988 Wakenya walipangwa mlolongo nyuma ya wagombea, na siri ya kura ikauawa mchana kweupe. Watu walipigwa na kufungwa ndipo ikarudi. Lakini asiyejua kusoma bado huingia kituoni akihitaji msaidizi, na kura yake huwa na shahidi.

Na Kanisa lisijitoe. Wazee wetu walioamini mahubiri ya wamisionari waliitwa athomi, yaani wasomaji. Leo Kanisa ni mfadhili wa shule nyingi, na Kanisa la Kianglikana ndilo mfadhili wa chuo cha walimu cha St. Mark's Kigari. Wanaokaa katika bodi hizo kwa niaba yetu waiandikie TSC muhula huu, na nakala imfikie mbunge wetu, wakiuliza: ni lini usajili wa mwalimu wa madarasa ya chini utadai ushahidi kwamba ametazamwa akifundisha kusoma, na nani atawalipia mafunzo walio kazini? Jibu, au ukimya, lisomwe makanisani.